Ukinunua shotigani ya zamani, hela yako peleka ndani sio nje

Kuna tabia naiona sana kwa washkaji wanaoanza mambo ya kuwinda huku Marekani. Mtu ananunua shotigani ya pampu (ile unayokoki kwa kuvuta mshikio wa mbele) ya mkono wa pili, Remington 870 Wingmaster ya wazee, mbao za walnut na mtutu mrefu mzuri kabisa, afu kabla hata hajaifungua kuona ndani kuna nini ashaanza kuagiza vitu mtandaoni: kitako cheusi cha plastiki, tochi, reli ya juu, kibebeo cha risasi cha ubavuni, mrija wa kurefusha magazini (ile bomba ya chini ya mtutu inayokaa risasi). Akimaliza anakua na bunduki kama ya mlinzi wa benki pale Posta, ila springi ya magazini ni ileile aliyoiacha mwenye mali wa kwanza na risasi ya mwisho inatoka kwa kujishauri. Na bei ya hayo maurembo ukijumlisha unakuta inakaribia bei ya bunduki yenyewe.

Mimi naishi Iowa, huku fezanti (ndege wa porini wa jamii ya kuku) na bata ndo habari ya mjini msimu ukifika, na Wingmaster yangu niliitoa kwenye duka la rehani ikiwa na kutu juu ya bodi (lile boksi la chuma la katikati lenye mitambo), mbao zimepasuka vanishi na ndani mafuta yameganda mpaka ukikoki unasikia kama kuna mchanga. Muuzaji akaniambia hii ni ya kuning'iniza ukutani tu. Nikamwachia maneno yake, nikalipa.

Kwanini 870? Kwasababu imetengenezwa kizamani kweli. Ilitoka 1950, bodi yake imechongwa kwenye pande moja la chuma, sio alumini kama Mossberg 500 (na sisemi Mossberg mbaya, ni nyepesi na sefti yake iko juu kwa nyuma, kidole gumba kinaifikia vizuri, tena wanaotumia mkono wa kushoto ndo wanaipenda zaidi). Ina mikono miwili ya chuma inayovuta boliti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu), kwaiyo ukikoki haipindi upande. Zimetoka zaidi ya milioni 10, maana yake spea ziko kila mahali mpaka leo, hata baada ya kampuni kufilisika 2020 na kiwanda cha Ilion, New York kufungwa 2024. Mwaka 1987 walileta Express, toleo la bei rahisi lenye rangi isiyong'aa, na hizo ndo nyingi utakutana nazo madukani. Zinafanya kazi, ila zinashika kutu haraka na ndani hazijasuguliwa kama Wingmaster, kwaiyo nikiona hizo mbili zimepishana hela kidogo siulizi mara mbili.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha kwanza iko tupu, na sio kwa macho tu, ingiza kidole kwenye chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa) na kwenye mdomo wa magazini. Afu toa mtutu, pitisha mwanga, tafuta bonde, uvimbe au vishimo vya kutu. Kutu ya nje inatibika. Mtutu uliovimba huo ni wa kutupa. Angalia pia maandishi ubavuni mwa mtutu kushoto, kuna vialama vidogo vya mwezi na mwaka, na miezi inafuata herufi za BLACKPOWDERX kuanzia B Januari mpaka X Desemba, yangu inaanza na P kwaiyo ni Juni. Ila kumbuka hiyo ni tarehe ya mtutu, sio ya bodi, na mitutu ya 870 inabadilishwa kama matairi.

Na hapohapo soma urefu wa chemba. Hili watu wanalipita sana na ndo lenye hatari kuliko yote. Wingmaster nyingi za zamani ni za risasi ya inchi 2¾ tu. Risasi ya inchi 3 itaingia bila kelele yoyote, kwasababu mdomo wa ganda uliokunjwa haujafunguka bado, ila ukifyatua lile ganda linafunguka halipati nafasi, presha inapanda na uso wako uko palepale karibu. Kama mtutu umeandikwa 2¾ basi ni 2¾, hamna mjadala wa "mbona imeingia".

Upande wa sheria nitapita haraka. Dukani utajaza fomu 4473 (ya serikali ya shirikisho ya kununua bunduki) na utachekiwa rekodi zako, na kama uko kwa viza ya muda sheria ya shirikisho kwa ujumla inakukataza, ina misamaha yake kama leseni ya uwindaji, ila uliza wanaojua kabla hujagusa. Na msumeno weka mbali. Sheria ya 1934 inasema mtutu wa shotigani usishuke chini ya inchi 18 na bunduki nzima isishuke chini ya inchi 26, na hii haijali kama ulikua unakata sehemu yenye kutu tu. Watoto wapo nyumbani? Kufuli, na risasi chumba kingine.

Sasa kuifungua. Unafungua kofia ya magazini, mtutu unatoka, unasukuma pini mbili kwa panchi ya brasi, na kundi zima la triga linashuka mkononi. Hapa ndo utajua mwenyewe wa zamani alikua mtu wa aina gani. Ya kwangu lilikua na tabaka la kahawia, mafuta ya miaka yamechanganyika na mavumbi ya mahindi na vinyuzi vya nguo, nyundo inarudi polepole kama inasinzia. Usilipasue triga zima kama hujui, haina haja. Loweka kwenye mafuta ya taa (nje, mbali na moto), piga na mswaki wa zamani, puliza upepo, rudia mpaka yale mafuta yawe meupe, kausha, weka tone la mafuta ya bunduki kwenye ekseli tu. Watu wanamwaga mafuta utadhani wanakaanga chipsi, afu wakienda kuwinda kwenye baridi la Desemba yanaganda na bunduki inagoma.

Baada ya hapo springi. Ya magazini ikishachoka inafupika, unaitoa unaiona kabisa imekua fupi, na mpya ni hela ya chakula cha mchana. Hii ndo apugredi yangu namba moja na hakuna atakayeipiga picha. Angalia na vile vikomeo viwili vya ndani vinavyozuia risasi zisitoke zote kwa mpigo, vimeng'ang'anizwa kwenye bodi kwa kugongwa, vikilegea risasi itateleza irudi juu ya kile kibao kinachoinua risasi na bunduki inajifunga kabisa huwezi kukoki. Kuvigonga upya inawezekana. Ila ejekta (kinachotupa ganda nje) ikiwa imevunjika peleka kwa fundi, ile imepigwa ribiti ndani ya bodi na sio kazi ya mezani jikoni.

Hicho kibao chenyewe geuza bunduki ukiangalie kwa chini. Kikiwa na mkato wa umbo la U ni toleo la miaka ya 80 kuja huku, ule mkato unakusaidia kukoki kwa nguvu hata risasi ikikwama pale. Kikiwa kizima bila mkato ni la zamani. Kuna wanaosema lazima ubadilishe. Mimi kwa bunduki ya ndege siyo lazima, kwasababu kubadilisha vizuri inabidi uguse na slaidi na boliti, na vikomeo vikiwa vizima hilo tatizo hulioni.

Kutu ya juu: mafuta ya kupenyeza, acha usiku, afu stiliwaya ile laini kabisa ya namba 0000 na mafuta tena, zungusha taratibu. Kutu inatoka na bluu ya kiwandani (ile rangi nyeusi-bluu inayokinga chuma) inabaki, utashangaa. Pale palipobaki weupe weka ile dawa ya bluu ya chupa kama unapenda, ila ujue haidumu, inafifia na jasho la mkono, na kupaka bunduki nzima kwa ile dawa inatoka madoadoa. Ukitaka bluu kamili ya moto peleka kwa mwenye matangi. Yangu nimeiacha na makovu yake. Kuna wanaoogopa kugusa chochote ati thamani itashuka, jamani, hii ni Wingmaster ya kawaida ya geji 12, sio ya makumbusho, safisha utumie.

Mbao ndo sehemu niliyoifaidi. Vanishi ya Remington ya miaka hiyo ni ngumu kama kioo, ikipasuka inatoka vipandevipande, kwaiyo unapaka dawa ya kutoa vanishi na kukwangua kwa kitu cha plastiki, sio kisu. Zile chapa za michoro kwenye mishikio zimegandamizwa na mashine, hazijachongwa, ukipitisha msasa zimekwenda moja kwa moja, pale tumia mswaki. Mabonde ya kugongwa usiyasugue pia: weka kitambaa kibichi juu ya bonde, gusa na pasi ya moto, mvuke unaingia kwenye nyuzi za mbao na bonde linapanda lenyewe. Kuna moja ilikua kama alama ya ukucha ubavuni mwa kitako, nimegusa mara kadhaa mpaka ikabaki kivuli tu. Na karibu na bodi msasa uende kwa adabu, ukizidisha mbao inakua chini kuliko chuma na hiyo hairudi. Mwisho mafuta ya linseed au ya tung, matabaka membamba, unafuta, unasubiri, unarudia.

Kwahiyo apugredi sikatai, nakataa mpangilio tu. Pedi ya mpira mpya nyuma ya kitako, hiyo weka hata leo, zile za zamani zimekauka zimekua jiwe na bega linaumia, na kama kitako ni kirefu kwako (wengi wetu sio watu wa futi sita) fupisha hapohapo maana kitako kirefu ndo kinafanya watu wakose ndege na kulaumu risasi.

Kitu cha pili ni mtutu. Hizi za zamani choki (ule mbano wa mdomo wa mtutu) imekatwa humohumo ndani, imeandikwa FULL (inabana sana) au MOD (ya wastani) na hubadilishi. Tangu 1991 bata nchi nzima wanapigwa kwa marisau yasiyo ya madini ya risasi (lead), wengi wanatumia ya chuma, na chuma hakibonyei kama lead, kwaiyo kukisukuma kwenye choki ya FULL ya zamani unauonea mtutu. Suluhisho ni kununua mtutu wa pili wenye Rem Choke (choki za Remington za kufungua na kubadilisha), unafungua kofia moja unabadilisha, wa zamani unabaki kwa fezanti. Kile kijiti cha kuziba magazini nacho usikitupe, kwa ndege wahamaji sheria inataka risasi tatu tu kwenye bunduki, mbili magazini na moja chemba.

Mrija wa kurefusha magazini baada ya hapo unaurefushia nini sasa? Mimi natafuta mtutu wa inchi 26 wenye Rem Choke, wa chemba ya inchi 2¾, bluu ya kung'aa sio ile ya Express, na nikiupata kwa bei ya watu wazima basi bajeti ya hii bunduki imeisha.