Koko aende shule, wa mbegu apite tu?

Lifti ya jengo tulilokaa Toa Payoh, Singapore, ilikuwa inabeba watu wanane, tisa mkibanana. Asubuhi moja mlango ukafunguka ghorofa ya saba, akaingia mama mmoja wa Kichina anasukuma kigari cha mtoto. Nikainama nimchekeshe mtoto, si ndivyo tulivyolelewa? Ndani ya kigari akanitazama mbwa. Kavaa fulana ya mistari, ulimi nje, utepe kichwani. Mimi mtoto wa Tanga, niliyefunzwa kuhama upande wa barabara nikimwona mbwa, nikajibanza ukutani mpaka chini.

Nilipanga chumba pale miaka miwili, na huo ndio wakati nilioanza kufikiria jambo ambalo sikudhani litawahi kunihusu: nani anaamua mbwa gani akae ghorofani, na anatumia kipimo gani.

Karibu watu wanane katika kila kumi Singapore wanaishi kwenye nyumba za HDB, bodi ya nyumba ya serikali iliyoundwa mwaka 1960. Kwa hiyo usidhani nazungumzia kanuni za mtaa mmoja wa watu wa hali ya chini. Bodi ile ikisema jambo kuhusu mbwa, karibu nchi nzima imeambiwa. Nayo inasema hivi: flati moja mbwa mmoja, na mbwa mwenyewe awe wa mojawapo ya aina 62 zilizoidhinishwa. Ukikutwa na asiyekuwemo, faini inaweza kufika dola 4,000 za kwao. Paka walikuwa marufuku kabisa tangu 1989, wakaja kuruhusiwa Septemba 2024, wawili kwa flati. Nilipokuwa pale marufuku bado ilikuwepo, na paka walikuwa wamejaa madirishani wanaota jua.

Mwenye nyumba wangu alikuwa ameichapisha ile orodha ya mbwa akaibandika ubavuni mwa friji, maana binti yake alikuwa hampi raha, anataka mbwa. Nilikuwa naisoma nikisubiri maji yachemke. Binti alitaka Corgi, yule mwenye miguu mifupi na masikio makubwa. Hayumo. Dachshund, ambaye miguu yake ni mifupi zaidi, yumo. Beagle hayumo. Pug yumo. Yumo hata Coton de Tulear, kijimbwa cheupe kama pamba kutoka Madagaska, jirani yetu wa bahari, na nakiri nilijisikia fahari kidogo kuona upande wetu wa Bahari ya Hindi umewakilishwa kwenye friji ya watu.

Halafu nikaona jina la German Hunting Terrier. Huyu nilimtafuta kwenye simu kwa sababu ya hilo neno la uwindaji. Wajerumani walimzalisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa kazi ya kuingia shimoni kupambana na mbweha na melesi, mnyama mchimba mashimo anayefanana na nyegere, na kumkabili nguruwe mwitu. Ni mdogo, kilo kumi hafiki au anafika kwa shida. Ila roho yake si ya kukaa kwenye kochi kusubiri tajiri atoke kazini. Yeye ameidhinishwa.

Sasa mtazame Basenji. Huyu ni mbwa wa Kongo, na sikio la Mswahili linalidaka jina lake papo hapo: basenji, washenzi. Ana urefu wa sentimita arobaini na kitu begani, uzito kama kilo kumi na moja, anajilamba kama paka, na sifa iliyompa umaarufu duniani ni kwamba habweki. Anatoa sauti ya ajabu ajabu akifurahi, lakini kule kubweka wow wow usiku kucha hakumo kwake. Ungeniambia nimchagulie mkazi wa ghorofa ya kumi na moja mbwa, ambako ukuta wako ndio ukuta wa jirani, ningemtaja huyu wa kwanza. Hayumo kwenye 62. Shetland Sheepdog, aliyezalishwa kuchunga kondoo na kila anayemfuga atakwambia ana mdomo, yumo.

Ndiyo maana nasema orodha ile haimpimi mbwa. Inapima cheti chake cha ukoo, na kwa mbali kimo chake.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa bibi wa Kimalei, wote tukimwita Makcik. Huko makabila huchanganywa kwa makusudi: tangu 1989 kila jengo lina kiwango cha Wachina, Wamalei na Wahindi, ili pasiwe na mtaa wa kabila moja. Ni jambo jema, lakini matokeo yake ni kwamba Mwislamu wa madhehebu ya Shafi na mfuga mbwa wanatumia lifti moja kila siku ya Mungu. Wamalei ni Mashafi kama sisi wa pwani. Siku niliyomweleza Makcik kisa cha kigari, alicheka hadi akakaa, kisha akasema neno ambalo hatukuhitaji mkalimani: najis.

Na hapa ndipo orodha inaponichekesha. Kuna wanaoitetea kwa kusema inalinda hisia za majirani Waislamu. Inazilindaje? Kwa fikihi tuliyosoma chuoni, mate ya Chihuahua na mate ya mbwa wa polisi hukumu yake ni moja: mara saba, moja wapo kwa udongo. Hakuna sura inayosema akiwa na utepe kichwani ni mara tatu. Kinachomlinda Makcik ni kamba fupi, na mwenye mbwa mwenye akili ya kusubiri lifti inayofuata. Hayo mawili hayapo kwenye friji.

Ajabu ni kwamba serikali ile ile inajua hivyo. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 walianzisha mpango wa kuruhusu mbwa koko kwenye nyumba za HDB. Kule koko wanamwita kwa mapenzi "Singapore Special", kama jina la chakula. Ghorofa ya nne alikuwepo mmoja, wa rangi ya kahawia, sikio moja limekatwa ncha, alichukuliwa na kijana wa Kihindi kutoka kwa chama cha kutetea wanyama. Kijana alinisimulia mlolongo wake. Mbwa ahasiwe, awekewe chipu, achanjwe, akatiwe leseni. Enzi hizo asizidi kilo 15 wala sentimita 50, na hizo sentimita hupimwa begani, si kichwani, kwa hiyo walimsimamisha ukutani na futi ya fundi cherehani huku mbwa akidhani ni mchezo. Mwaka 2020 walilegeza, uzito ukafutwa na kimo kikapanda hadi 55. Juu ya yote, mbwa na mwenyewe waende darasani kufundishwa adabu, na mwenye mbwa atie sahihi kwamba atafuata masharti.

Yule koko ndiye mbwa pekee wa jengo lile niliyeweza kusimama naye bila moyo kunidunda. Mlango wa lifti ukifunguka, anakaa chini hajaambiwa. Akimwona Makcik, kijana anavuta kamba, anampisha, wanangoja nyingine.

Sasa niambie mantiki yake. Koko, kwa kuwa hana ukoo, anapelekwa shule. Mwenye cheti anapita tu, hata kama babu zake walikuwa wanang'oana meno na nguruwe mwitu. Kama darasa linafaa, na nimeona kwa macho yangu kwamba linafaa, basi liwe la wote, kisha orodha ichanwe.

Najua jibu la upande wa pili, na si jibu la kijinga. Jibwa likiuma linaumiza kuliko kijibwa. Ofisa wa nyumba si daktari wa mifugo, hana muda wa kukaa na kila mbwa saa nzima ajue tabia yake; orodha ni rahisi, unatazama leseni unaondoka. Kimo nakikubali kwa sababu lifti ni ndogo na ngazi ni nyembamba. Weka sentimita, weka kilo, kila mtu ana futi na mizani. Hilo la majina ya koo ndilo nalikataa.

Waliojaribu majina kwingine hawakufika mbali. New York, tangu 2010, mamlaka ya nyumba za umma ilishusha uzito wa mbwa hadi ratili 25, kama kilo 11, na kanuni zake ziliwataja pia kwa jina pit bull, Rottweiler na Doberman. Ukishaweka ratili 25, Rottweiler umemkataza tayari. Jina lake limeandikwa la nini, kama si kutisha tu? Uingereza nayo mwaka 1991 ilipiga marufuku aina nne. Miaka thelathini na kitu baadaye kilio kikawa cha XL Bully, jibwa ambalo halikuwemo, ikabidi liongezwe mwishoni mwa 2023. Mwaka huo huo Florida wakageuka upande mwingine: kuanzia Oktoba, sheria ya jimbo ikazizuia hata mamlaka za nyumba za umma kubagua mbwa kwa aina, uzito au ukubwa. Kwa uzito na ukubwa nadhani Florida wamepitiliza, mtu mwenye jibwa la kilo sitini kwenye chumba kimoja anamtesa mbwa na jirani pamoja. Kwa aina nawaunga mkono.

Binti wa mwenye nyumba wangu hatimaye alipata mbwa. Baada ya kulilia Corgi mwaka mzima, alisogeza kidole kwenye orodha akatua kwa Shetland Sheepdog. Mzuri, manyoya kama zulia. Alikuwa anabweka kengele ya lifti ikilia, anabweka Makcik akidondosha kijiko, anabweka muuza tofu akipita chini. Wiki ya tatu tulikuta karatasi imepenyezwa mlangoni, imeandikwa kwa herufi kubwa na mtu wa ghorofa ya juu. Mama mwenye nyumba aliisoma, akaikunja, akaenda kwenye friji, akaweka kidole kwenye jina la mbwa wake.

"Yumo," akasema.