Biolojia ya seli ianzie hapa kwetu

Mwanafunzi wa sayansi anaweza kumaliza muhula mzima wa biolojia ya seli katika chuo kikuu cha umma hapa Uganda, akafaulu vizuri tu, bila kuwahi kukaa na hadubini kwa nusu saa akiwa peke yake. Mimi nilisoma hivyo, na wengi niliosoma nao walisoma hivyo. Ukumbi unajaa hadi watu wanasimama mlangoni, mhadhiri anapaza sauti ili wa nyuma wasikie, slaidi zinapita, nasi tunazipiga picha kwa simu. Mtihani ukifika tunachora mitokondria, vile viungo vidogo vinavyoizalishia seli nishati, tunataja sehemu zake, tunaenda zetu. Wahadhiri siwalaumu, maana wengi wao wanabeba mzigo wa watu watatu. Ninachokataa ni ile kauli kwamba tuko wengi, fedha ni chache, basi hakuna namna.

Siku za maabara kundi zima lilipewa hadubini moja. Ncha za mizizi ya kitunguu zililainishwa kwa asidi, zikatiwa rangi, tukazifunika kwa kioo chembamba na kuzibonyeza kwa kidole gumba. Kazi ilikuwa kutafuta seli zinazogawanyika. Zamu yangu ilipofika, slaidi ilikuwa imeshasogezwa na waliotangulia. Nikaona viputo vya hewa tu, mviringo wenye ukingo mweusi, na nyuma yangu foleni inanung'unika. Waliobahatika kuona kromosomu zimejipanga katikati ya seli walituchorea, sisi tukanakili. Kuona kunataka muda. Jicho lazima lizoee, na mkono ujue kuisogeza lenzi polepole. Mtaalamu wa maabara kwenye kituo cha afya kijijini, anayetafuta vimelea vya malaria kutwa nzima, ana jicho ambalo mhitimu wetu wa shahada hana.

Linaloniuma zaidi ni kwamba tulifundishwa seli kana kwamba hazijawahi kufika Uganda. Tulimsoma Robert Hooke, Mwingereza aliyeona vyumba vya seli kwenye kipande cha kizibo na kuviandika mwaka 1665. Tukasoma seli za HeLa, seli za saratani zinazokuzwa maabara hadi leo, zilizochukuliwa kwa mgonjwa Marekani mwaka 1951. Vyote ni vya lazima. Lakini historia moja kubwa ya seli ilianzia Mulago, hospitali kuu ya Kampala, nami nilikuja kuisoma mwenyewe baadaye.

Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, aliona watoto wenye uvimbe wa ajabu kwenye taya, akauandika mwaka 1958. Leo tunauita limfoma ya Burkitt, saratani ya seli nyeupe za damu. Mtafiti Mwingereza Anthony Epstein alimsikiliza akizungumza London mwaka 1961, akashuku kuna kirusi, wakakubaliana sampuli zitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakikuonekana kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege iliyobeba sampuli ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na kichupa kilipofika London maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angedhani ni bakteria na kukitupa. Epstein akaweka tone kwenye hadubini ya kawaida, akakuta seli hai za uvimbe zinaelea moja moja. Zilikuzwa maabara, na mwaka 1964 yeye na wenzake wa maabara, Yvonne Barr na Bert Achong, wakatangaza kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Baadaye ilijulikana kwamba ndani ya seli hizo kipande cha kromosomu ya 8 huwa kimehama, mara nyingi kwenda kwenye kromosomu ya 14, na jeni ya MYC, inayosukuma seli kugawanyika, ikapoteza breki. Hapo kuna mgawanyiko wa seli, kuna kromosomu, kuna virusi, kuna udhibiti wa jeni. Ni nusu ya silabasi nzima, katika taya la mtoto wa Uganda.

Chukua pia selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda seli nyekundu za damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliopima damu ya watoto wadogo karibu 100,000 nchini, ulikuta takribani asilimia 13 wamebeba jeni yake. Maana yake, katika ukumbi wetu ule uliojaa, wabebaji hawakukosekana. Mwenzangu mmoja wa hosteli, mzaliwa wa Bundibugyo, mdogo wake anaugua. Tulipofika kwenye himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, aliniambia, "Ndugu yangu, wamepita hapo kwa dakika tano." Alisema kweli. Asidi amino moja tu, yaani kipande kimoja cha vile vinavyounda protini, ikibadilika, himoglobini iliyopoteza oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ndefu zinazoikunja seli.

Hilo linaonekana kwa macho bila mashine ya bei kubwa. Unachanganya tone la damu na sodiamu metabisulfiti, kemikali rahisi inayotumika pia kuhifadhi vyakula, unafunika, unaziba kingo hewa isiingie, unasubiri. Seli zilizokuwa za mviringo zinaanza kuchongoka. Damu isiwe ya wanafunzi wenyewe, maana si haki mtu agundue hali yake mbele ya darasa; itumike iliyotolewa kwa ridhaa, bila jina, kwa taratibu zote za usalama.

Malale nayo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, iliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne iliyopita, hasa Busoga. Kimelea chake hubadilisha protini za juu ya seli yake ili kinga ya mwili isikikamate. Sijui mfano bora wa kufundishia utando wa seli.

Kuhusu hadubini, nyingi zilizopo hulala kabatini jioni na Jumamosi. Maabara ifunguliwe saa hizo, wanafunzi wa shahada ya uzamili wasimamie na walipwe. Zile za zamani zenye kioo cha kuakisi mwanga ziwekwe dirishani, umeme ukikatika kazi iendelee. Na sehemu ya alama za mtihani itolewe mezani: mwanafunzi apewe ncha ya mzizi na dakika 30, aitengeneze slaidi mwenyewe, aitafute seli inayogawanyika, amwite msimamizi aje aangalie. Mtihani ukiwa hivyo, hakuna mkuu wa idara atakayeweza kuziacha hadubini zile kabatini.