Jua la Mwanza Halimsubiri Mgeni Rasmi

Jumatano iliyopita, saa 1:20 usiku, nilikuwa nimepiga magoti kwenye mchanga wa Luchelele, namba 31 ikiwa bado kifuani, nikiokota dagaa kwa mwanga wa simu. Mama mwenye dagaa hao alikuwa amewaanua jioni hiyo na anarudi nao nyumbani, beseni kichwani, nami nikatokea kwenye kona ya mwamba nikiteremka kwa baiskeli bila taa. Nilipomwona nilifunga breki zote mbili, gurudumu la mbele likazama mchangani, nikaruka juu ya usukani. Yeye aliwahi kukwepa, lakini beseni lilimwagika. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, giza lote hili mnakimbizana na nani?" Sikumjibu, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba tulikuwa tunazikimbiza dakika 40 ambazo mtu mwingine alikwisha kuzila.

Ratiba ya mbio zetu za Jumatano inasema kwamba filimbi hupulizwa saa 11:15 jioni. Sisi tunaotoka makazini tunajua muda huo tunaupata kwa taabu gani: kuomba ruhusa kwa kisingizio kile kile cha mtoto kuumwa, kupenya foleni ya Mkuyuni na Butimba, kubadili nguo nyuma ya kibanda cha chipsi. Saa 11:10 tulikuwa mstarini, watu zaidi ya 40, baiskeli zimetiwa upepo na cheni zimepakwa mafuta. Saa 11:15 mshereheshaji akatutangazia kwamba mgeni rasmi yuko njiani, maneno ambayo katika shughuli zetu yana maana kwamba anaoga. Alifika saa 11:43, akasalimiana na meza kuu, akatukumbusha kwamba michezo ni afya na michezo ni ajira, akapigwa picha akiwa amekalia baiskeli isiyo yake, kisha akatukabidhi katoni mbili za maji. Filimbi ilipulizwa saa 11:55. Nilipokuwa naokota dagaa, gari lake lilikuwa limekwisha kuondoka zamani.

Tufanye hesabu, kwa kuwa inaonekana hakuna aliyeifanya. Njia yetu ina kilomita 5, nasi huizunguka mara 4. Vijana wa mbele huimaliza raundi moja kwa dakika 18, na mimi hutumia 23 nikiwa na afya njema. Tungeanza kwa wakati, ningefika mwisho saa 12:47, jua likiwa bado juu ya ziwa. Kwa kuanza saa 11:55, niliingia raundi ya mwisho saa 1:04, jua likiwa limekwisha kuzama. Hapa Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Mwaka mzima saa ya kuzama jua haitofautiani kwa zaidi ya nusu saa hivi, na likishazama tunabakiwa na dakika kama 20 za kutofautisha jiwe na kivuli chake. Wenzetu wa Ulaya wanaoshindana jioni za katikati ya wiki hufanya hivyo majira ya joto. London mwezi Juni jua huzama baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo mtu anaweza kucheleweshwa saa nzima, akamaliza mbio, akaosha baiskeli yake, na bado akaona matope yaliyobaki. Sisi tumeiga mashindano, jua lao hatukupewa.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba bila wakubwa hao huenda wadhamini wasingetoa hata hayo maji, na kwamba kibali cha kutumia njia hupatikana upesi zaidi jina zito likitajwa kwenye barua. Lakini ni nani aliyeamua kwamba mgeni rasmi lazima aanzishe mbio? Aje kuzifunga. Aje saa 12:30, atukute tunaingia mmoja mmoja na vumbi mpaka kwenye meno, agawe zawadi, apige picha na mshindi. Akichelewa, atakuwa amechelewa yeye peke yake.

Wapo wanaotushauri tununue taa. Kijana aliyeshika nafasi ya sita jioni ile anashindana kwa Phoenix ambayo asubuhi yake ilikuwa na magunia mawili ya mkaa kwenye keria. Taa inayoweza kukuonyesha mwamba kabla hujaugonga hainunuliwi kwa faida ya magunia mawili. Na hata angekuwa nayo, yule mama hana taa, na ng'ombe wanaorudi zizini hawana taa. Njia ile tunaiazima kwa jioni moja, na ikishafika saa 1 inarudi kwa wenyewe.

Wala nisiambiwe kwamba kufuata saa ni anasa ya mashindano ya matajiri. Mwaka 1976, huko California, vijana walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu, nzito, zisizo na gia, ndugu kabisa wa Phoenix zetu. Breki zao za kukanyagia nyuma zilipata moto hadi grisi ikaungua, ikawalazimu baada ya kila mteremko kufungua kitovu cha gurudumu na kupaka grisi upya, na ndipo mbio zenyewe zikaitwa Repack. Hawakuwa na jukwaa wala meza kuu. Walikuwa na saa, na kila mmoja aliondoka kwa zamu yake kama alivyopangiwa.

Kuhusu wanawake kuanzishwa dakika tano baada yetu, yaani kuachiwa giza kubwa kuliko letu, nina hasira nyingine inayotosha makala yake yenyewe.

Kama kuchelewa kumeletwa na sababu ya maana, kwa mfano mvua, basi waamuzi wapunguze raundi. Au wawatoe walioachwa mbali: katika mashindano ya kimataifa ya baiskeli za milimani ipo kanuni ya asilimia 80: anayeachwa kwa muda unaozidi asilimia hiyo ya raundi ya kwanza ya kiongozi hutolewa njiani, akaandikiwa nafasi aliyofikia. Nimejipigia hesabu. Baada ya raundi tatu huwa nimeachwa dakika 15, na asilimia 80 ya dakika 18 ni dakika 14 na ushee. Kwa kanuni hiyo ningetolewa saa 1:04 kamili, pale pale mstarini. Ningenuna, ningebishana na mwamuzi, na dagaa wangefika nyumbani salama.

Tulipomaliza kuokota, taa za wavuvi zilikuwa zimeanza kuwaka ziwani, mbili, kisha tano, kisha nikashindwa kuzihesabu. Hao hutoka giza la mwezi linapofika, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Sijasikia mtumbwi uliongojea hotuba. Nilimlipa mama nusu sado, maana nusu ya dagaa wake ilikuwa imechanganyika na mchanga, naye akanisaidia kuunyoosha usukani uliopinda kwa kuishika tairi katikati ya miguu yake kama fundi.

Jumatano ijayo nitakuwa mstarini saa 11:10. Ikifika saa 11:30 bila filimbi, nitageuza baiskeli nirudi Mkolani kungali kweupe, na namba 31 apewe mgeni rasmi.