Sufuria ya Pili Anapika Nani?

Mwanza ukiuliza "leo mboga nini?" unaweza kujibiwa sato, dagaa, utumbo au mchicha, na majibu yote manne ni sahihi. Mboga kwetu ni chochote kinachoteremsha ugali. Ndiyo maana mdogo wangu wa kike, anayeishi nasi hapa Nyakato tangu mwaka jana, alipotangaza kwamba kuanzia sasa anakula mboga tu, mama mkwe wangu alimwuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani siku zote ulikuwa unakula nini?" Ikabidi afafanue: hataki nyama, kuku, samaki wala dagaa. Maziwa na mayai anakula.

Tuko saba nyumbani. Mmoja ameacha, sita tunaendelea, na mume wangu anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Unaweza kuona jinsi jambo lilivyopokelewa. Kwa shemeji mwenye nyumba, mtu anayekataa dagaa zilizomlisha ni kama amezira, na siku tatu za kwanza mume wangu alinong'ona chumbani akitaka kujua amemkosea nini. Hakukuwa na kosa lolote. Baba yetu ana gauti na presha, mdogo wangu ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki, na aliyoyaona huko yalimtosha.

Hoja yake ina uzito. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama za viwandani, kama soseji, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vile ambavyo huenda vinasababisha. Halafu kuna Wasabato, ambao huku kanda ya ziwa ni majirani zetu. Kanisa lao linakataza kitimoto na samaki wasio na magamba, kama kambare, na kwa nyama nyingine linashauri tu waumini waziache, haliwalazimishi. Chuo Kikuu chao cha Loma Linda, kule California, kiliwafuatilia waumini zaidi ya 73,000 wa Marekani na Kanada kwa karibu miaka sita. Matokeo yaliyotoka mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliokwepa nyama, kwa viwango mbalimbali, walikuwa na hatari ya kufa ndogo kwa asilimia 12 kuliko waliokula nyama kama kawaida.

Mdogo wangu hupenda kuishia hapo. Mimi huendelea kusoma, kwa sababu ndani ya utafiti uleule wapo walioacha nyama wakabaki na samaki, na hao hatari yao ilikuwa ndogo kwa asilimia 19. Kwa mtu wa ufukweni, hiyo si habari ndogo. Tena utafiti wa namna hii unaonyesha mambo yanayokwenda pamoja, hauthibitishi kwamba moja limeleta jingine. Na Mmarekani anayepunguza nyama hapunguzi kutoka kiasi kile tunachokula sisi. Nyumbani kwangu nyama ya ng'ombe inaingia Jumapili, nusu kilo, watu saba.

Wanaompinga husema ameiga mambo ya kigeni. Hapo nasimama upande wake. Bibi yangu alikuwa na ng'ombe, na hawakuwa wa kuchinjwa ovyo. Walikuwa mahari, maziwa na akiba ya siku mbaya. Kila siku alikula mlenda, majani ya kunde, msusa, choroko, karanga, na kiangazi kikibana, michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Kama kuna kitu kigeni, ni dhana kwamba chakula kisicho na nyama ni chakula cha aliyeishiwa. Majani ya kunde ukiyachemsha vizuri ukayaunga na karanga zilizosagwa, mpaka mafuta ya karanga yenyewe yaanze kuelea juu, sijui nani atakayeuliza nyama iko wapi.

Ila uyapike hivyo. Nimeona watu wanaacha nyama kisha wanazamisha mchicha kwenye mafuta na kumwaga chumvi ili upate ladha. Kwa mwenye presha hapo hakuna nafuu yoyote.

Hoja inayoniuma zaidi haizungumzwi na wanaobishana sebuleni. Sufuria ya pili anapika nani? Dagaa ni dakika chache. Maharage makavu ambayo hayakulowekwa ni saa mbili au zaidi jikoni, na mkaa unaisha huku unautazama. Mwezi wa kwanza nilikuwa narudi kazini jioni, nawasha jiko, nasonga ugali mmoja na kupika mboga mbili. Akija mgeni, zinakuwa tatu. Uamuzi ulikuwa wa mdogo wangu, kazi ikawa yangu. Nasema hivi bila kinyongo, maana yeye hakuona. Kwetu chakula hutokea tu mezani, na mikono iliyokileta haihesabiwi.

Kuna jioni moja nilikoroga sangara kwa mwiko, nikauchovya mwiko huohuo kwenye maharage yake. Alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno, alichota ugali akala na chumvi. Nilikasirika sana. Baadaye nikamwelewa, maana shangazi naye alimfanyia hivyohivyo msibani: alitoa vipande vya nyama kwenye bakuli akamwambia, "Haya, nyama nimetoa, kula mchuzi." Kwa shangazi nyama ni kile kipande. Kwa mdogo wangu mchuzi nao ni nyama. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Kwa watoto nilikataa kabisa kuyumba. Mwanangu wa mwisho ana miaka mitatu, na mama yake mdogo akienda bila nyama, hilo si sababu ya mtoto kwenda hivyo. Vitamini B12 haipatikani kwenye mchicha wala maharage. Kwa asili hutoka kwenye vyakula vya wanyama. Mtu mzima huwa na akiba kwenye ini inayoweza kumpeleka miaka, ndiyo maana anayeacha kila kitu, maziwa na mayai yakiwemo, hujiona mzima kabisa hadi ganzi inapoanza miguuni. Mtoto hana akiba ya namna hiyo. Madini ya chuma nayo yamo kwenye majani na kunde, lakini mwili huyanyonya kwa shida kuliko yale ya nyama. Ndimu au chungwa pamoja na chakula husaidia, chai ya rangi huharibu. Na dagaa mtoto anamla mzima, na mifupa yake, kwa hiyo anapata kalisi pamoja na hiyo B12. Kwa bei yake, sijaona kinachomshinda.

Mdogo wangu alikubali hili. Kwa yeye mwenyewe, mayai na maziwa ndiyo yanayomlinda, na nimemwambia wazi kwamba siku akitaka kuyaacha hayo pia, tutaanza kwanza na daktari na vidonge.

Upande wa heshima bado ni mgumu. Mama mkwe alikuja kutoka Sengerema, akavuka daraja la Kigongo–Busisi na jogoo wa kienyeji miguuni pake. Jogoo kama huyo hapelekewi mtu yeyote tu. Alimchinja, akapika mwenyewe, na wakati wa kupakua akamwekea mdogo wangu firigisi, kipande cha baba wa nyumba au cha mgeni anayependwa. Mume wangu alinitazama. Mdogo wangu alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akamsogezea mwanangu. Mama mkwe alinyamaza muda mrefu. Siwezi kusema alikosea kuumia, na siwezi kusema mdogo wangu alipaswa kula. Kuna mahali ambapo pande zote mbili zina haki na bado mtu mmoja analala na donge.

Kilichotusaidia ni mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hukaa, dagaa huadimika Mwaloni na bei hupanda. Mume wangu anajua hili kuliko wote, na siku hizo hata sisi hula choroko na majani, miaka yote. Hatukuwahi kuziita siku za kuacha nyama. Tulisema tu dagaa hakuna. Basi tumezifanya siku za sufuria moja kwa wote, na mpishi ni mdogo wangu. Siku nyingine mboga ya msingi ni kunde, choroko au majani, nyingi, kwa watu saba, na samaki anakuja pembeni kwenye sufuria ndogo yenye mwiko wake. Maharage analoweka yeye usiku kabla ya kulala. Akisahau, hatuna maharage kesho yake, na sisemi kitu.

Wiki iliyopita mume wangu alirudi mapema, boti hazikutoka. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akachukua kinu, akaanza kutwanga karanga za shemeji yake.