Ngumi za kulipwa ukubwani: Foreman mwacheni apumzike

Kila mtu mzima anayetaka kuingia ngumi za kulipwa anakuja na jina moja mdomoni: George Foreman. Alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1994 akiwa na miaka 45, kwa hiyo mwenye 32 eti bado mtoto. Hesabu hiyo haina kichwa wala miguu. Foreman alikuwa bingwa wa Olimpiki mwaka 1968 na bingwa wa dunia mwaka 1973. Ukubwani alirudi tu kwenye kazi aliyoijua tangu ujana.

Ukitaka mfano wa kweli, mtafute Ron Lyle, bondia Mmarekani. Ngumi alijifunzia gerezani, na pambano lake la kwanza la kulipwa alicheza mwaka 1971 akiwa na miaka 30. Miaka minne baadaye alikuwa anamwongoza Muhammad Ali kwa pointi, mpaka refa alipolisimamisha pambano katika raundi ya 11. Huyo ndiye wa kunukuu. Ila nukuu na sehemu ya pili: kabla ya kulipwa alipita kwanza kwenye ngumi za ridhaa, zile zisizo za malipo, tena alikuwa wa uzito wa juu. Mmarekani mwenzake Deontay Wilder, aliyeanza akikaribia miaka 20, naye ni wa uzito wa juu, na naye alipitia ridhaa hadi medali ya shaba ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Kwenye uzito wa juu konde moja linaweza kukufutia makosa ya raundi nzima. Shuka kwenye uzito mdogo zaidi, huko ngumi zinakuja kama mvua ya mawe na hakuna wa kukufutia chochote. Sergio Martínez wa Argentina alianza akiwa na miaka 20 na akawa bingwa wa uzito wa kati mwaka 2010 akiwa na 35, lakini akina Martínez hawazaliwi kila siku.

Mimi nilivaa glavu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 31. Pumzi nilikuwa nayo, maana nilikuwa mkimbiaji. Kamba niliruka vizuri, na begi nilikuwa nalipiga mpaka watu wanageuka kutazama. Miezi mitano ikapita hivyo, nikajiona bondia. Siku moja kocha akaniingiza ulingoni na kijana wa miaka 17 aliyeanza ngumi akiwa na tisa. Hakunipiga kwa nguvu, alikuwa ananidokoa tu kwa jebu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, ya kushoto, kwa adabu kabisa. Kila mkono wake ulipotoka begani nilifumba macho, na nilipofumbua mkono ulikuwa umesharudi kidevuni kwake, pua yangu inawasha na machozi yananitoka. Raundi moja nzima sikuona hata ngumi moja. Nilikuwa nazisikia tu.

Misuli ya mtu wa miaka 33 inajengeka, na pumzi inatafutwa ikapatikana. Kinachokosekana ni zile raundi mamia ambazo mwenzako alizicheza utotoni, akazoea kuiangalia ngumi inavyomjia bila kope kucheza. Begi halikufundishi hilo kwa sababu begi halirudishi. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anza hata ukiwa na 35, lakini usiguse mkataba wa kulipwa kabla ya mapambano kumi ya ridhaa. Ngumi za ridhaa za kimataifa zinaruhusu mpaka miaka 40, na raundi zake tatu zinatosha kukuonyesha ukweli wote kuhusu wewe mwenyewe.

Maana upande wa pili kuna biashara. Promota ana kijana wake anayemkuza, na rekodi ya kijana inataka ushindi. Anamtafuta nani? Mtu mwenye umri, asiye na meneja, mwenye kiu ya kupanda ulingoni hata kwa kupigiwa simu Jumatano apigane Jumamosi. Ni wewe huyo. Utapewa raundi nne, na malipo ambayo huenda yasirudishe hata gharama za mazoezi. Siku yako ya kwanza ya kulipwa inakuwa siku ya kumpambia mwenzako rekodi. Kabla hujasaini, uliza mpinzani ni nani na kwa nini umechaguliwa wewe. Wakikujibu kwa kukupigapiga bega, ondoka.

Na kichwa kipigwe picha. Madaktari wameyajua madhara ya ngumi kwa ubongo tangu mwaka 1928, Harrison Martland alipoandika kuhusu mabondia waliokuwa wanayumba kama walevi. Kadiri umri unavyosogea ubongo hupungua taratibu ndani ya fuvu, na mishipa midogo ya damu iliyo kati yake na fuvu huzidi kuvutika. Ngumi za mazoezini nazo zinahesabika, hata kama hakuna jaji anayeziandika. Anayeanza akiwa na miaka 34 hana miaka kumi ya kujifunza kwa kupigwa.

Nimecheza mapambano manne ya ridhaa mpaka sasa. Nimepoteza matatu. Lile la nne nilipotangazwa mshindi nilirudi kwenye kona nikiwa nimeshapanga maneno, nikamuuliza kocha kuhusu kulipwa. Hakunijibu haraka. Alikata plasta ya glavu kwa mkasi, akavuta moja, akavuta na nyingine, kisha akasema: "Leo umefumba macho kwenye raundi ya tatu tu, kaka. Ukiacha kabisa, tutaongea."

Bado hatujaongea.