Passacaglia ya Bach si marudio matupu

Makala niliyoisoma inaieleza Passacaglia katika C maina (BWV 582, yaani namba yake katika orodha ya kazi za Bach) ya mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach kuwa ni besi moja, yaani mfululizo wa noti za sauti ya chini, inayorudiwa hadi mwisho, na kwa maelezo hayo mafupi imeinyima kazi hii haki yake. Ni kweli kwamba besi hiyo ya vipimo 8 huanza peke yake, ikipigwa kwa miguu kwenye pedali za kinanda cha mabomba bila kuandamana na sauti nyingine. Lakini katika mageuzi 20 yanayofuata, yaani marudio ambayo kila moja lina sura mpya, besi hiyo hupanda hadi sauti ya juu kabisa, hutawanywa kuwa noti zinazofuatana moja moja, kisha hurejea miguuni kwa uzito ambao, kwa maoni yangu, haujapata mfano katika muziki wa kinanda. Hapo, bila kituo, huingia fuga (utunzi ambamo sauti mbalimbali huingia moja baada ya nyingine kwa wazo lilelile la muziki) iliyojengwa juu ya nusu ya kwanza ya besi ileile, nusu inayofanana sana na besi ya mtunzi Mfaransa André Raison iliyochapishwa mwaka 1688. Mtunzi na mpiga kinanda Dieterich Buxtehude naye alistahili kutajwa katika makala hiyo, kwa kuwa alitunga kazi za namna hiyo, zenye besi inayorudiwa, kabla ya Bach kumwendea katika mji wa Lübeck, Ujerumani, mwaka 1705.