Injini ya Toyota kwenye Land Rover si dhambi

Ukiwa na Land Rover ya zamani hapa Arusha, kuna ubishi mmoja huwezi kuukwepa: ni halali kung'oa injini ya Mwingereza na kufunga ya Mjapani? Wapo wanaosema ukishafanya hivyo gari limekufa, umebaki na bodi. Wengine wanakuuliza spea za ile injini ya lita 2.25 utazitoa wapi ukikwama Loliondo siku ya Jumapili. Mimi niko na hawa wa pili, na nasema bila kumung'unya maneno: 1HZ, dizeli ya Toyota, ndani ya 109, yaani Land Rover ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli, ni ndoa nzuri. Anayenikera ni mwenye gari ambaye injini ikishawaka anapiga picha, anatuma kwenye makundi ya WhatsApp, anaona amemaliza. Kazi ya chuma ndiyo kwanza inaanza.

Wanaolilia damu safi ya Land Rover niwakumbushe ilikotoka. Gari la kwanza la majaribio, mwaka 1947, lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep ya Marekani. Bodi ikawa ya alumini kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Na ile V8, injini ya silinda nane ya lita 3.5 ambayo watu wanaitaja kwa unyenyekevu, asili yake ni Buick ya Marekani. Rover walinunua haki zake kutoka General Motors miaka ya 1960. Gari hili limekuwa likiazima tangu lizaliwe. Mwaka 1979 kiwanda chenyewe kilipoamua kuiweka V8 kwenye 109, kilisogeza uso wa gari mbele hadi ukalingana na fenda ili injini ipate nafasi, kikaweka giaboksi ya Range Rover, na bado kikaipunguza nguvu mpaka farasi 91. Kwenye Range Rover injini hiyohiyo ilikuwa inatoa zaidi ya 130.

Hiyo 91 naipenda sana. Kiwanda chenye wahandisi wake na viwanja vyake vya majaribio kiliona busara kuibana injini. Sisi je? Dizeli ya Series III, toleo la tatu la Land Rover hizi za zamani, ilikuwa na farasi kama 62. 1HZ ya Toyota, silinda sita, cc 4,163, ina kama 130. Nguvu ya kuzungusha, ile inayokupandisha mlima na mzigo mgongoni, inatoka newtonmita 140 hivi hadi 285. Tunaongeza mara mbili, tunaacha breki za dramu magurudumu yote manne, halafu tunateremka nalo ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mto wa Mbu, watu wamejaa ndani na jerikani juu.

Kwa nini 1HZ basi? Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, haina kompyuta, na hakuna mji mdogo ambako fundi hajawahi kuifungua. Chujio lake lipo Karatu, lipo Singida, lipo Mpanda. Kwangu hoja hiyo peke yake inatosha.

Sasa tuingie gereji. Njia ya kwanza, ambayo wengi wanaichukua kwa kuwa inaonekana rahisi, ni kubakiza giaboksi ya Land Rover na kuchongesha pleti ya kuunganishia injini na giaboksi. Pleti hiyo ndiyo roho ya kazi yote, na ndiyo inayochongwa kwa haraka kuliko vyote. Shafti ya giaboksi lazima iingie katikati kabisa ya krenki. Ikikaa pembeni hata kwa unene wa karatasi chache, beringi ndogo ya mwisho wa krenki inaliwa, klachi inaanza kutetemeka, na baada ya muda giaboksi inapiga kelele ambayo mwenye gari ataambiwa ni "ya kawaida ya Land Rover". Si ya kawaida. Fundi wa kuchonga akikuambia atapima kwa jicho, chukua chuma chako uondoke. Kuna saa ya kupimia, inabandikwa kwenye flaiwili, unazungusha taratibu huku mshale ukisema ukweli. Na hata pleti ikichongwa vizuri, giaboksi ya Series haikuundwa kubeba nguvu ile. Utaivunja tu, kwa adabu zaidi.

Njia ninayoitetea ni kuleta ukoo mzima: injini, giaboksi yake ya gia tano ya H55F, na giaboksi ndogo ya foo wili, vyote kutoka Land Cruiser moja iliyokufa bodi. Hapo pleti huihitaji. Unachotengeneza ni mauntingi, kipande cha chesisi kinachoshikilia giaboksi kwa chini, sakafu, na propela shafti mbili za urefu mpya. Ni kazi nyingi zaidi ya welda, lakini kila kinachozunguka ndani ya mafuta kimetoka kiwandani kikiwa pamoja. Kanuni yangu ndiyo hiyo: unachokichonga kiwe kile kisichochakaa, na kinachochakaa kiwe na namba ya dukani. Bati la mauntingi chora utakavyo. Klachi, beringi, hozi za rejeta na bushi ziwe za kununua kwa kutaja jina la gari, ili hata ukimtuma kijana dukani asirudi na maswali.

Kuhusu chesisi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nimeona uharibifu mwingi. Chesisi ya Series ni boksi lililoundwa kwa mabati ya chuma yenye unene wa karibu milimita 2, yamechomelewa pembeni. Inaoza kutoka ndani. Tope linaingia, linakaa, nje unaona rangi nzuri na ndani kuna unga wa kutu. Kabla ya kufikiria injini yoyote, pita na nyundo ndogo chesisi nzima, hasa kwenye vikono vya springi vya nyuma, na usikilize. Mahali panapolia kwa sauti nzito isiyo na mlio, kata.

Halafu kuna hili la matundu. Mtu anatoboa boksi upande huu hadi upande ule, anapitisha bolti ya mauntingi, anakaza kwa nguvu zote. Bolti inakandamiza kuta mbili za bati jembamba, zinabonyea, na bolti haitakaza tena milele. Panapopita bolti, toboa pana zaidi, ingiza kipande cha bomba nene kuvuka boksi, kichomelee pande zote mbili, kisha bolti ipite ndani ya bomba hilo. Inachukua asubuhi moja. Na ukifunga boksi ya pawa stelingi bila bomba hizo na bila pleti ya kuimarisha, ule mkono wa mbele wa chesisi utapasuka. Kila unapokata kona ukiwa umesimama unaukunja.

Pleti za kuimarisha nazo zina ustaarabu wake. Usichomelee mstari ulionyooka kukatiza chesisi juu hadi chini, maana unaacha mahali pa kuvunjikia. Kata pleti kwa mshazari, ncha zake zichongoke, na sehemu za juu na za chini ya boksi uziguse kwa uangalifu. Chomelea vipande vifupi, ruka, rudi, ili joto lisipinde chuma. Pima mishazari miwili ya chesisi kabla na baada. Na jamani, chomoa betri na waya za alteneta kwanza.

Ekseli. Za Land Cruiser toleo la 75 zinakupa breki za diski mbele, hafu shafti nene, na uwiano wa difu wa 4.1 badala ya 4.7 wa Land Rover, kwa hiyo barabarani injini haipigi kelele kama inayochinjwa. Gharama yake ni kuhamisha vikalio vya springi, na matairi yatachomoza kidogo nje ya fenda. Pia hakikisha difu la mbele liko upande uleule inakotokea propela. Wapo watakaosema sasa Land Rover imebaki wapi. Imebaki chesisi, bodi, mlango usiofunga vizuri na maji yanayodondoka magotini mvua ikinyesha. Inatosha.

Springi za mbele zitalala, maana 1HZ ni nzito kuliko ile ya silinda nne. Weka za kubeba uzito huo, usirundike majani tu hadi gari litembee kama gogo. Rejeta isiwe ya kubahatisha, na feni iwe na kava lake, la sivyo itazungusha hewa ya moto ndani ya boneti.

Kuhusu turbo, nilishaambiwa na fundi mmoja, kijana mzuri tu wa kazi: "Bosi, tukibandika turbo hapa, Minjingu utawaacha wote." Nikamwambia sina ninayemkimbiza Minjingu. Mbano wa hewa ndani ya silinda za 1HZ ni zaidi ya 22 kwa 1, imeundwa kuvuta pumzi yake yenyewe. Toyota walipotaka dizeli ya turbo ya ukubwa huo walitengeneza 1HD-T, yenye mbano mdogo na sindano zinazopiga moja kwa moja juu ya pistoni. Hawakubandika.

Sijasema kitu kuhusu bampa la bomba, taa za juu, hema la paani na winchi. Ndivyo vinavyopigwa picha, na ndivyo vinavyokula pesa ambayo ingenunua breki. Viwekwe mwisho, au visiwekwe.

Ufundi tunao. Gereji za mji huu zinakata Land Cruiser katikati, zinairefusha, zinaiwekea paa la kunyanyuka, na watalii wanazunguka nayo Serengeti miaka na miaka bila kujua iliwahi kuwa fupi. Usione vyaelea, vimeundwa. Kwenye tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 raha yangu ilikuwa kuchungulia chini ya magari, si kuangalia rangi, na nikaona kazi safi kabisa karibu na kazi ya aibu. Mara nyingi tofauti haikuwa fundi. Ilikuwa mteja aliyesema "nifanyie ya haraka, nasafiri Ijumaa", akapunguziwa kazi kulingana na pesa na haraka yake. Fundi hawezi kukuchomelea bomba kwenye matundu kama umeshamlipa ya kutoboa tu.

La mwisho ni karatasi, ambalo watu hawapendi kulisikia. Kadi ya usajili kutoka TRA ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadili injini, kabadili na kadi, na uwe na hati ya mahali ulipoinunua, kwa sababu injini ya mtumba isiyo na karatasi inaweza kuwa imetoka kwenye gari la wizi. Watu wa bima wakija baada ya ajali, namba hizo ndizo watakazoanza nazo.